Aliyekaa Upande wa Mlima

Siku zile pikipiki tuliiita tukutuku, na Mwafrika mwenye tukutuku yake mwenyewe alitazamwa barabarani kama mwizi ambaye bado hajakamatwa. Mimi yangu niliipata kwa kahawa. Bei ilipanda msimu mmoja, majirani zangu kule mlimani Meru wakaezeka mabati, mimi nikanunua tukutuku kuukuu kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Walinisema mpaka wakachoka wenyewe. Mama mkwe wangu, mwanamke wa Terrat, kule kwa Wamasai, asiyejua kupunguza maneno, alisema nimemnunulia binti yake jeneza la magurudumu. Alikosea. Mke wangu hakufa kwa tukutuku. Alikufa kitandani, kwa homa, wakati wa masika, na tukutuku ilikuwa imesimama nje ya mlango wakati mito yote imefurika na hakuna pa kupita.

Nasema hilo mapema ili mtu asisome huku akingoja afe. Amekwisha kufa. Ninachotaka kueleza ni safari moja ya chama chetu cha tukutuku, ya kuuzunguka Mlima Meru kutwa nzima, safari ya kwanza niliyokwenda bila yeye.

Wazungu wa Arusha walikuwa na chama chao cha pikipiki, chenye nyumba na bendera na vinywaji baridi. Sisi hatukuwa na nyumba. Tulikuwa wakulima wachache wa kahawa, Wameru wa kanisa moja la Kilutheri, na mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu wa shule. Mgeni kati yetu alikuwa mmoja tu, Mchaga mwenye duka la misumari na mabati mjini, mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, aliyekuja Arusha kutafuta maisha akayapata. Tulikutana asubuhi mbele ya bomba la petroli la Mhindi karibu na soko. Kila tulipokutana askari alikuja kutuuliza tunakwenda wapi na nani ametupa ruhusa. Mwenyekiti alimjibu kwa Kiingereza, askari akaenda zake.

Chama kilikuwa na kanuni moja tu, na kanuni hiyo ililetwa na vumbi. Barabara zote zilikuwa za changarawe. Ukimfuata mwenzako kwa karibu huoni hata mikono yako mwenyewe, na jiwe likiruka litakuvunja meno. Kwa hiyo kila mtu alimwacha wa mbele aende kwanza, mpaka vumbi lake litulie, ndipo anafuata. Ili tusipotezane, kila ufikapo njia panda unasimama, unamngoja wa nyuma yako mpaka umwone kwa macho. Ukimwona unainua mkono, naye anainua wake, unaondoka. Hivyo tu. Mke wangu aliipenda sana kanuni hiyo. Alisema ingekuwa hata kanisani watu wanangojana hivyo, mchungaji angepumzika.

Alikuwa akipanda nyuma yangu, akikaa kwa upande kama wanawake wote wa heshima, miguu yote miwili kushoto. Sasa, ukitoka Arusha kwenda Usa River, ukapinda kaskazini hadi Ngare Nanyuki, ukazunguka hadi Oldonyo Sambu na kurudi mjini, mlima unabaki mkono wa kushoto tangu asubuhi hadi jioni. Mimi kutwa nilitazama mawe. Yeye kutwa alitazama mlima. Alinisimulia sikioni. Wingu limeshuka hadi msituni. Wingu limepasuka. Kuna moshi wa watu wanaochoma mkaa. Leo kilele kimevaa kofia. Nilikuwa nikimwambia anyamaze nisije nikatutia mtaroni, naye alinyamaza kidogo tu, kisha akaendelea.

Mungu hakutujalia mtoto. Hili nalo lazima nilieleze, maana ndilo lililoniumiza baadaye. Kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama fulani, na jina lake la utotoni linabaki kwa wazazi wake. Wangu hakuwa mama wa mtu. Majirani walimwita mke wangu, wenzangu wa chama walimwita shemeji, na jina lenyewe nililitumia mimi peke yangu, ndani ya nyumba. Alipokufa watu walikuja kwa wingi, walilia, walichimba, waliimba, walinisukumia chakula. Siku tulipoanua matanga wakaenda zao, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja. Hata mtu mmoja. Wangemtajaje? Shemeji ni jina la aliye hai. Nilikaa kwenye nyumba ile nikisikia migomba ikigongana nje, na jina lake likawa linanizunguka kichwani bila pa kutokea. Nilikuwa mpweke, sisemi nilikuwa na huzuni tu. Nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kuhisi labda nilimbuni.

Kwa hiyo kiangazi kilipofika na mwenyekiti akapita kuniambia safari ipo, nilikubali kwa sababu moja. Nilitaka mtu amtaje. Wenzangu wa chama walikuwa wamemwona kwenye kiti kile safari zote, wamekula chakula chake, wamecheka naye. Nilijiambia kwamba katika mzunguko wote ule, atakosekana mtu hata mmoja wa kusema, laiti shemeji angekuwepo?

Asubuhi ile, mbele ya bomba la petroli, mwenyekiti alinijia na sanduku la spana mikononi. Lilikuwa sanduku la bati, zito, la chama. Siku zote alilibeba yeye.

"Kaka," aliniambia, akitazama tairi langu, "tumeonelea ulibebe wewe leo. Kiti chako kina nafasi."

Kiti chako kina nafasi. Nilimwangalia nikafikiri nimsukume aanguke na sanduku lake. Badala yake nikashika kamba. Tulilifunga pale alipokuwa akikaa mke wangu, tukalikaza vizuri, na kwa kuwa mwenye spana hukaa mwisho ili amkute aliyeharibikiwa, nikawekwa nyuma ya wote. Mbele yangu alikuwa Mchaga wa misumari. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Tuliondoka. Barabara ya Moshi ilikuwa pana lakini imejaa mawimbi, na sanduku lilipiga kelele njia nzima, spana zikigombana humo ndani. Usa River nilimkuta Mchaga amesimama kwenye njia panda ya kupinda kaskazini, ananingoja, anamenya ndizi. Pale ndipo tulipokuwa tukinunua ndizi mbivu, mimi na mke wangu, kwa mama mmoja aliyepanga bidhaa zake karibu na daraja. Nikazima injini.

"Hapa sisi tulikuwa tukinunua ndizi," nikasema. Nilisema sisi kwa makusudi.

Mchaga alitafuna, akameza. "Ndizi za hapa ni nzuri," akasema, "ila kwa supu ya mtori hazifai. Kwa mtori njoo kwetu Kilimanjaro." Akatupa ganda, akapiga injini yake teke, akaondoka.

Sikungoja vumbi lake litulie, nikalila mpaka Ngare Nanyuki. Njia ilipanda, ikapita msitu, ikatokea nchi kavu ya nyasi ambayo zamani ilikuwa malisho ya watu wetu, kisha siku moja tukaambiwa si yetu. Palikuwa na lango la shamba la Mzungu, na mlinzi aliyetutazama tukipita mmoja mmoja bila kujibu salamu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe siku ile sikuwa na salamu ya kumpa mtu.

Tulisimama kula. Zamani hapo ndipo kilipofunguliwa kibuyu cha mke wangu. Alikuwa akija na loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, baridi, yenye harufu ya moshi kidogo, kwa sababu vibuyu vyake alivitengeneza kama walivyofanya kwao Terrat. Wanaume wazima waligombania kile kibuyu. Sasa kila mmoja akatoa mkate wa dukani kwenye mfuko wake. Tulikaa kwenye mawe tukatafuna.

"Mkate mkavu huu," nikasema kwa sauti.

"Kweli, mkavu," akasema mwenyekiti.

"Unakwama kooni."

"Kunywa maji, kaka," akasema, akanipa chupa yake.

Nikayanywa. Nilikuwa nimekasirika. Watu gani hawa, nikafikiri. Wamekula kwa mikono ya mtu safari zote hizo, leo wanatafuna mikate wakitazama viatu vyao. Niliamua kimoyomoyo kwamba nikifika mjini nawarudishia sanduku lao na wasinione tena.

Baada ya pale ardhi inakuwa ya Wamasai na njia inakuwa mbaya. Kuna mpando mmoja wa changarawe iliyolegea ambao tukutuku yangu haikuweza kuupanda na watu wawili. Mke wangu alikuwa akishuka chini ya mpando na kuja kwa miguu, mimi nikitangulia na kumngoja juu. Alichelewa kila mara, kwa sababu pale juu aliishi bibi mmoja wa Kimasai ambaye alikuwa akimkuta njiani na mitungi ya maji, na wawili hao waliongea Kimaa kama watu waliopotezana miaka mingi. Kimaa kilikuwa lugha ya kwao mke wangu. Mimi Mmeru nilijua salamu tu. Nilikuwa nikisimama juu nikipiga honi, na kadiri nilivyopiga honi ndivyo walivyozidi kucheka.

Siku ile Mchaga alishindwa na mpando. Uzito wake na wa mashine ulimshinda, akateleza, cheni ikatoka. Ikabidi nimfungulie sanduku la spana. Wengine walipoona hatuji walirudi, wakatusaidia kusukuma, kwa hiyo tulikuwa wote pale juu, injini zimezimwa, Mchaga anafungwa cheni, wakati bibi alipotokea. Alikuja moja kwa moja kwangu. Nikainamisha kichwa, akaniwekea mkono utosini kama walivyozoea.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia kwa Kimaa; yeyo ni mama.

"Iko," akaitikia. Akatazama kiti changu, akatazama chini ya mpando, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua. Akangoja kidogo. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake kidogo, "Mwanangu yuko wapi? Mbona hapandi?"

Spana zilinyamaza. Miezi yote ile nilikuwa nikiomba mtu amuulizie, na sasa ameuliziwa, na aliyemuulizia alikuwa bado anamngoja atokee pale kwenye kona. Kwa bibi huyu mke wangu alikuwa hai. Mahali pengine popote duniani alikuwa amezikwa, hapa alikuwa amechelewa tu. Nikafungua kinywa nimwambie.

"Amebaki nyumbani," nikasema. "Hajambo. Anakusalimu sana, yeyo."

Bibi akafurahi. Akaniambia ningoje, akaingia ndani ya boma lake, akarudi na kibuyu cha maziwa mgando chenye shanga shingoni na kifuniko cha ngozi. "Mpelekee," akasema. "Mwambie alete kibuyu mwenyewe."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti alisogea, akazifungua kamba za sanduku la bati kwenye kiti changu bila kuniuliza, akalifunga kwenye tukutuku yake. Kibuyu nikakifunga pale kwa shuka langu.

Kutoka pale hadi njia kuu ya Nairobi, karibu na Oldonyo Sambu, niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha, kwa kuogopa kukipasua. Nilijua nitachelewa. Nilipofika njia panda jua lilikuwa limeinama na Mchaga alikuwa pale, peke yake, ameketi chini karibu na gurudumu lake. Aliponiona hakuinua mkono. Alisimama, akanisubiri nizime injini.

"Kwa nini hukumwambia yule bibi?" akauliza.

"Nimeshindwa."

Alijifuta vumbi usoni kwa kiganja, likazidi kuenea. "Hata sisi tumeshindwa," akasema. "Sanduku ni mimi niliyesema upewe. Nilisema usiende ukitazama kiti kitupu nyuma yako siku nzima. Sasa nakuona kutwa unatukasirikia, na mimi najua ni kwa nini, na kila nikitaka kufungua mdomo naanza kusema habari za ndizi."

"Ungesema tu."

"Ningesema nini? Shemeji nani? Hata jina lake silijui, kaka. Nimekula mkononi mwake, nikaona haya kukuuliza jina la mkeo wakati yupo. Sasa hayupo nitaanzaje?"

Nilitaka kumwambia jina pale pale. Badala yake nikamwambia twende, kiza kinaingia, naye akapanda, na safari hii hakunitangulia mbali. Tulishuka mpaka mjini sambamba, bila mtu wa kula vumbi la mwenzake.

Nyumbani nilikunywa yale maziwa peke yangu. Yalikuwa na ule moshi wake. Watu wa kule hawasafishi kibuyu kwa maji. Wanachoma kijiti cha mti fulani, wanaingiza kaa la moto ndani, wanakisugua, na ladha hiyo inakaa kwenye maziwa. Nilikunywa kikombe kimoja, nikalia, nikanywa kingine. Kisha nikafanya kama mama yangu alivyonifundisha, kwamba chombo cha watu kirudi kisafi. Nilikisugua kwa sabuni ya mche na mchanga, nikakisuuza mpaka maji yakatoka meupe, nikakianika kwenye uchanja. Nilijivunia. Nilitia sukari ndani, kwa sababu kibuyu cha watu hakipelekwi kitupu, nikakifunga.

Jumapili iliyofuata nilitoka baada ya ibada, peke yangu, bila chama. Njiani nilikuwa nimejipanga. Nitasema ana kazi nyingi shambani. Nitasema atakuja wakati mwingine. Nilifikiri ninaweza kuendelea hivyo miaka, kila kiangazi, kumwacha akiishi pale juu ya mpando na mimi nikimletea salamu. Sikuona ubaya wake. Kila mwanadamu ana mahali anapoficha kitu.

Chini ya mpando nilizima injini. Sikuwa na mzigo wa kunizuia kupanda, lakini niliiacha tukutuku pale, nikapanda kwa miguu, nikipita alipokuwa akipita yeye. Bibi alikuwa ameketi nje. Nilimwamkia, akaniwekea mkono kichwani, nikampa kibuyu.

"Anakushukuru," nikasema. "Ana kazi nyingi shambani."

Alikifungua. Sukari aliiona, akaguna kwa furaha. Kisha, kama wanavyofanya siku zote na kibuyu kilichotoka mbali, akakileta puani. Akakinusa. Akakinusa tena, akaingiza kidole, akakitazama kile kidole.

"Sabuni," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani ananisifu.

"Mwanangu hawezi kutia sabuni ndani ya kibuyu," akasema polepole. Aliweka kifuniko mahali pake, akakilaza kibuyu mapajani, akaniangalia usoni. "Nani ameosha hiki?"

"Mimi," nikasema.

"Na yeye?"

Yale yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yaliondoka. "Amekufa, yeyo," nikasema. "Wakati wa mvua."

Hakupiga kelele. Alisogea kidogo kwenye ngozi aliyokuwa ameikalia, akanigusa mkono, nikakaa. Kutoka pale alipoketi barabara ilikuwa nyuma ya mgongo na mlima ulikuwa mbele yetu wote wawili, mzima, tangu nyasi hadi kileleni, na wingu moja dogo lilikuwa limekaa begani. Sikuwahi kuutazama kutoka upande ule. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha boma kikatufikia.

"Mimi nilimwita mwanangu tu," bibi akasema. "Jina lake nani?"

Nikamwambia. Nikalitaja tena ili lisikike vizuri. Bibi akatikisa kichwa, akalirudia, na akalitamka kama mama mkwe wangu alivyolitamka kule Terrat, sawasawa kuliko nilivyowahi kulitamka mimi.